Kamchoro ka krayo (penseli) usikadharau, angalia vizuri

Juzi dada mmoja hapa Lushi, ndiyo Lubumbashi, ameniandikia: "Yaya, bwana yangu amenipa zawadi kakaratasi ka krayo, ni sheminé (bomba la moshi) ya Gécamines, kampuni ya shaba, na teril, ule mlima wa mabaki, rangi hata kidogo hakuna, sasa hii nitaitundika wapi?" Nimecheka, halafu nimekasirika.

Nimekasirika juu hiyo maneno nimeshaisikia. Wewe unayenisoma najua unatamani kama mimi, siku moja salon yako, sebule, iwe na kazi za maana ukutani, basi sikiliza. Kuna maonyesho fulani nilipeleka mchoro wangu, krayo tupu, mji vile unaonekana ukiwa mtaa wa Katuba, mabati, nyaya za umeme, na ile sheminé ndefu nyuma. Mkubwa wa pale akaangalia hivi tu akasema hii ni ya mtoto wa primaire, wakaitundika kwenye korido ya choo, mbele wakapanga turubai kubwa kubwa za rangi. Mpaka leo inaniuma, sifichi.

Lakini kwenye ile korido akapita mzee mmoja aliyezeekea kwenye matanuru ya shaba. Akasimama. Akanyoosha kidole: "Hapa haukuweka moshi, ni vizuri, moto ulishazimika. Na huku teril imekatwa, wameshaanza kuila." Ni kweli, ule mlima ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa tangu zamani, na tangu miaka ya 2000 wanauchimba tena kutafuta kobalti, kwa hiyo mchoro wa teril uko na umri wake, ukijua mlima unaweza kuusoma. Wale wa turubai kubwa walichora mlima mzima kama wa kadi ya posta! Mzee akalipa bei yote, hakuomba hata nipunguze.

Kwa hiyo dada, angalia. Sogea karibu kabisa, tafuta mahali krayo imekandamizwa sana, pale ndipo mchoraji alitaka jicho lako liende. Halafu rudi nyuma, angalia penye weupe: mbingu yote ni karatasi tu, na kujua wapi usiguse ni kazi ngumu kuliko kupaka. Halafu angalia tena kesho. Na usingoje rangi ndiyo useme ni sanaa, mji huu ndio ulilea wachoraji kama Bela aliyepaka kwa vidole bila brosi, na Tshibumba aliyechora historia ya nchi juu ya magunia ya unga, leo wazungu wanaweka kazi zao kwenye miyuze, nyumba za makumbusho, na sisi tuko tunauliza tutundike wapi.

Tundika salon, si korido. Weka kwenye kadre (fremu) yenye kioo, lakini kioo kisiguse karatasi juu krayo inafutika, ukate katoni kuzunguka pembeni. Mbali na jua, karatasi itageuka manjano. Na bwana yako umwambie aksanti, yeye ameona kitu.