Jibu: Kwa nini anayeijua hatari huisahau akilewa
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mdogo wako, anayejua vizuri umuhimu wa kondomu, huiacha kila anapolewa baada ya kugombana na mpenzi wake. Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba pombe hubana upeo wa fikra, hivyo aliyelewa huona kilicho mbele yake tu, yaani tamaa, hasira au upweke, huku hatari ya kesho ikififia. Nami naamini uchungu humsukuma kuliko chupa yenyewe. Zungumza naye kuhusu huzuni hiyo akiwa hajanywa. Ikitokea tena, awahi kituo cha afya ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazomezwa kwa siku 28, hufaa zaidi zikianzwa mapema.