Boti yangu haikuzamia ziwani, ilizamia mwaloni

Nimevua dagaa Kibirizi, Kigoma, miaka mingi, na dhoruba za Ziwa Tanganyika zimenikuta mbali na nchi kavu zaidi ya mara moja. Nilirudi. Boti iliyonivunjikia ilikuwa imefungwa mwaloni, pale ufukweni tunaposhushia samaki, mimi nikiwa nyumbani nimelala.

Ilikuwa 2024, mwaka ule maji yalipopanda mpaka watu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie wakahama nyumba. Kisha uvuvi ukafungwa, Mei 15 hadi Agosti 15. Nikaifunga boti kwenye nguzo ya gati, kamba fupi, nikaikaza isichezecheze. Hapo ndipo nilipojiroga. Miezi hiyo ndiyo ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini! Wimbi likija, boti inataka kupanda nalo, kamba inaikatalia, maji yanaingia ndani. Usiku kucha iligongana na gati. Asubuhi nikakuta ubavu umepasuka na mashine iko chini ya maji.

Siku hizi kama sivui, boti naivuta juu kwa magogo, na vijana wa kusukuma nawalipa bila kunung'unika. Usiishie kwenye alama ya maji ya mwaka jana. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, huko ng'ambo Kongo. Maji yakishapanda hayashuki kwa wiki moja. Ikibidi boti ibaki majini, ikae mbali na gati: nanga mbele, kuelekea ziwani, kamba ndefu ya nailoni, na nyingine nyuma. Matairi chakavu ubavuni. Na wakati wa masika mtu apite kukumba maji kila siku, maana mvua peke yake inaizamisha.

Gati likifunikwa na maji, simika mti mrefu wenye kitambaa chekundu. Nguzo zile zimetoboa boti za wenzangu.

Mashine ikizama, usijaribu kuiwasha. Toa plagi, ilaze maji yatoke, mimina oili, izungushe taratibu kwa mkono, uifikishe kwa fundi siku hiyohiyo. Fundi akiwa mbali, afadhali iendelee kukaa ndani ya pipa la maji safi. Ikikaushwa na hewa ndipo kutu inapoanza.

Mimi nilivuta kamba ya kuwashia mara saba. Fundi alipoifungua aliguna, akaniuliza, "Kaka, kwani huna ndugu anayeuza mashine?"