Uliza Dokta: Boksi la huduma ya kwanza la kupanda Lengai liwe na nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Sisi ni kikundi cha marafiki tuko Arusha, mwezi ujao tunaenda Ziwa Natron alafu tupande ule mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, mtu wa kutuongoza tumeshampata pale kijijini Engare Sero, chini ya mlima. Mimi ndo nimepewa kazi ya boksi la huduma ya kwanza, nimeenda dukani nikauziwa kiboksi chekundu kina plasta kibao, pamba na mkasi ambao hata karatasi haukati. Kinatosha? Na kuna mwenzetu anasema tubebe wembe na lile jiwe jeusi la nyoka, ni kweli linasaidia?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakitoshi, na nafurahi umeuliza sahizi sio mkiwa mmeshapakia gari.

Anza na mlima wenyewe. Lengai haufiki hata mita 3,000, ila unapandwa usiku maana mchana jua la kule halina huruma, kivuli hakuna, maji njiani hakuna, mteremko ni mkali na chini ni majivu na mawe yanayoteleza. Kwaiyo mtakachokutana nacho ni malengelenge, viganja na magoti kuchubuka, mguu kuteguka, jiwe limeporomoshwa na wa juu likampiga wa chini kichwani, vumbi machoni, na watu kuishiwa maji mwilini. Boksi lijibu hayo kwanza, mengine baadaye.

Pamba iache nyumbani, nyuzi zake zinaganda kwenye kidonda. Nunua gozi zilizofungwa moja moja, nyingi, na glovu pea kadhaa. Damu ikitoka weka gozi ukandamize kwa mkono, dakika 10 bila kufunuafunua kuchungulia, hapo ndo wengi wanaharibu maana kila ukichungulia unaitoa ile damu iliyoanza kuganda. Alafu chukua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, bei yake ni ndogo sana lakini ukivuta maji safi ya kunywa ukayarusha kwa nguvu kwenye kidonda chenye mchanga linafanya kazi kuliko dawa yoyote uliyobeba. Spiriti usimwage ndani ya kidonda, inaunguza nyama. Aliyepigwa na jiwe kichwani akaanza kutapika, kusinzia au kuongea visivyoeleweka, safari ya juu imeisha, anashushwa na kupelekwa hospitali.

Kwa kuteguka beba krepu bandeji mbili za upana wa sentimita 10 na khanga moja, khanga inafunga mkono uliovunjika, inashikilia banzi (kijiti cha kunyoosha kiungo kisicheze), inafunika mtu anayetetemeka. Mtu akiteguka bado mko juu usimvue kiatu, mguu utavimba na kiatu hakitaingia tena na atashukaje? Mfunge bandeji juu ya kiatu hichohicho, ipite chini ya unyayo ikatize mbele ya kifundo kama namba 8. Mkishafika chini ndo uvue na ufunge upya, ukimaliza bonyeza ukucha wa dole gumba mpaka uwe mweupe kisha uachie, rangi irudi ndani ya kama sekunde 2. Ikichelewa au akisema vidole vinakufa ganzi, umekaza mno, legeza.

Malengelenge dawa yake ni plasta ya roli ya kitambaa, unabandika pale kisigino kinapoanza kuwaka, usisubiri mpaka maji yajae. Majivu ya Lengai yana magadi, yakiingia machoni yanawasha kweli, osha kwa maji mengi dakika 15 na msisugue.

Maji ndo kitu nakisisitiza kuliko vyote. Kila mtu lita 3 kwa uchache, na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja nzima, watu wanaimwaga kwenye chupa ya nusu lita inakuwa kali sio sahihi. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Maumivu beba panadol, diclofenac hapana, figo za mtu aliyekauka maji hazihitaji mzigo huo. Mwenye pumu, kisukari au kifafa abebe dawa zake mwenyewe na wenzake wawili wajue ziko mfuko gani.

Sasa nyoka. Wembe na jiwe viacheni. Jiwe halivuti sumu, na wembe unaongeza kidonda juu ya kidonda, tena sumu ya bafe inaweza kuvuruga damu isigande, sasa wewe unachanja ili iweje? Bafe ndo wa kumuogopa maeneo makavu kama yale, analala njiani hakimbii, kwaiyo tochi ya kichwani na buti ni sehemu ya boksi lako. Mtu akiumwa msogezeni mbali na nyoka, mvueni pete, saa na bangili kabla hajavimba, mguu ufungwe banzi usicheze, abebwe asitembee. Msifunge kamba ya kubana damu, msinyonye, msimpe diclofenac wala aspirini. Andikeni saa aliyoumwa. Na kabla hamjatoka Arusha pigeni simu mjue hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka kwa wiki hiyo, sio kila mahali ipo, na gari libaki na dereva Engare Sero muda wote mkiwa mlimani.

SWALI: Habari daktari, niko Nanyuki, tunapanda Mlima Kenya hadi Point Lenana. Nibebe Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa urefu wa mlima, kwa boksi ama ni ya wazungu tu?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Nzuri sana. Lenana ni mita 4,985, ugonjwa wa urefu, ule unaompata mtu akipanda juu ambako hewa ni nyepesi, hauchagui mtu, hata kijana wa mazoezi unamkamata. Diamox inasaidia mwili kuzoea lakini muone daktari kwanza akupe kipimo cha kumeza, na umwambie kama una aleji ya dawa za salfa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kidogo, pumzika hapohapo usipande. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa, mnashuka palepale hata kama ni saa 8 usiku, msingoje asubuhi. Ongeeni na muongozaji wenu hilo kabla ya safari, ili mtu akisema tushuke asionekane anawaharibia wengine.