Kabini, chakula na huduma katika meli ndogo ya kitalii ya zamani: jibu kwa dada wa Lindi

Dada yangu wa Lindi, umeeleza kwamba kaka yenu aliyeko Uingereza amewalipia wazazi safari ya mwezi Juni kutoka Southampton hadi Norwei, katika meli ndogo ya kitalii iliyojengwa miaka mingi iliyopita. Wakala amewapa wachague kati ya kabini ya sitaha za chini yenye bei nafuu na kabini ya juu yenye dirisha kubwa. Umesema pia kwamba mzee ni mtu wa swala tano, mama ana tatizo la magoti, na wewe mwenyewe unahofia umri wa meli kuliko jambo lingine lolote. Kabla sijarudi nyumbani Mtwara nilifanya kazi ya uhudumu wa kabini, na baadaye ya chumba cha kulia, katika meli ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyatandika, kuyafagia na kuyapakua kwa mikono yangu. Jina la meli niliyofanyia kazi sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kuisifu.

Suala la umri tulimalize kwanza. Meli ya abiria inayosafiri kimataifa hubeba cheti cha usalama ambacho hakizidi miezi 12, na bila ukaguzi mpya haing'oi nanga. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2010 kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zilizipiga marufuku meli za abiria za zamani zilizojengwa kwa kutumia vifaa vinavyoshika moto, na meli nyingi zilizeeka rasmi siku hiyo, kwani kubomoa kuta za mbao na kuweka nyingine kuligharimu kuliko thamani ya meli yenyewe. Zilizobaki ni zile ambazo wenyewe walikubali kuzigharimia. Marco Polo, iliyojengwa mwaka 1965 huko Wismar, Ujerumani Mashariki, ikiitwa Aleksandr Pushkin, iliendelea kubeba watalii hadi mwaka 2020. Kwa upande wa pili, Costa Concordia iliyopinduka pwani ya Italia mwezi Januari 2012 na kuua watu 32 ilikuwa haijatimiza hata miaka sita kazini. Ni kutokana na ajali ile kwamba sasa zoezi la kujiokoa hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mzee asije akalikwepa kwa kusema amechoka na safari ya ndege, na mama ajaribishe jaketi la kujiokolea lililo kabatini mwake mwenyewe.

Mahali ambapo umri wa meli unamgusa abiria kila siku ni katika mpangilio wake, na ndiyo maana ningewashauri mchague mahali kabini ilipo kabla ya kuangalia bei, picha au ukubwa wa dirisha. Meli kubwa za siku hizi hutengenezewa kabini kiwandani, zote zikifanana, kisha zinapangwa kama droo. Katika meli za zamani kabini hufuata umbo la meli lenyewe, hivyo kabini mbili za daraja moja na bei moja huweza kuwa tofauti kabisa: moja ina kona ya ziada inayotosha kiti, nyingine ina nguzo au bomba lililofunikwa linalopita kichwani mwa kitanda. Mwombeni wakala mchoro wa sitaha zote, si picha za tangazo, na mtafute namba ya kabini juu yake.

Chini na katikati ndiko meli inakosukasuka kidogo. Aliyewahi kupanda lori la korosho kutoka Newala anajua kwamba aliyekaa nyuma kabisa hurushwa kwenye kila shimo, ilhali aliyeketi katikati anaweza hata kusinzia. Omoni, yaani mbele kabisa ya meli, utainuliwa na kushushwa na mawimbi, na alfajiri mnyororo wa nanga utakapoachiwa utadhani meli inapasuka. Tezini, yaani nyuma, unalala juu ya mashine na rafadha, ile panga inayosukuma meli. Glasi ya kuwekea mswaki hucheza katika kishikio chake usiku kucha, na abiria wengi walikuwa wakinikabidhi glasi hiyo asubuhi niiondoe. Baada ya hapo angalieni kilicho juu ya kabini na kilicho kando yake. Chini ya ukumbi wa muziki hakulaliki mpaka saa sita za usiku, chini ya jiko utasikia vyombo tangu saa kumi na moja alfajiri, na kabini iliyopakana na mlango wa wahudumu husikia magurudumu ya vitoroli vyetu kabla ya jua kutoka.

Kuhusu dirisha, neno «kubwa» lisiwapumbaze. Madirisha makubwa ya meli za zamani mara nyingi hutazama sitaha ya matembezi, ambako watu hupita wakizunguka meli tangu asubuhi, na usiku taa ikiwaka ndani pazia halifunguliki tena kwa mtu mwenye kujistahi. Mengine yamezibwa na mashua za kuokolea, hivyo utalipia bahari na kuona ubavu wa mashua iliyopakwa rangi ya machungwa. Sitaha za chini zina madirisha ya duara, madogo lakini yanayotazama bahari yenyewe. Ubaya wake ni kwamba bahari ikichafuka sana baharia huja kuyafunga kwa kifuniko cha chuma, na chumba kikawa giza hadi hali itulie. Kati ya hayo mawili mimi ningechukua la duara.

Sasa magoti ya mama. Katika meli nyingi za aina hiyo lifti ni chache, ni nyembamba, na huenda zisifike sitaha ya chini kabisa, kwa hiyo ile kabini ya bei nafuu inaweza kuwa inadai ngazi kila mlo. Ulizeni kwa maneno haya haya: je, lifti inasimama kwenye sitaha ya kabini yetu? Inayowafaa ni sitaha ya chini kuliko zote miongoni mwa zile zinazofikiwa na lifti, katikati ya meli, hatua chache kutoka kwenye lifti lakini isiyoelekeana nayo. Mlango wa bafu una kizingiti cha chuma cha karibu shibiri moja, kilichowekwa ili maji yasimwagike chumbani meli inapoinama, na hicho ndicho kinachowaangusha wazee usiku wanapoamka kwenda msalani. Mwambieni mhudumu siku ya kwanza alete kigoda cha kuogea, na taa ya bafu iachwe ikiwaka huku mlango ukiwa umeshikizwa wazi kwa ndoano yake, maana mlango uliolegea hupigapiga.

Vitanda kwa kawaida ni viwili vilivyofungwa sakafuni, kimoja kikifuata ukuta huu na kingine ukuta ule, na hakuna ombi litakaloviunganisha. Makabati ni makubwa kuliko ya meli mpya, kwani zamani watu walisafiri na nguo za wiki nyingi. Soketi ni haba, pengine moja tu karibu na kioo. Wabebe adapta, lakini pasi, birika la umeme na ekstensheni vitachukuliwa wakati wa ukaguzi wa mizigo na kurudishwa mwisho wa safari. Kiyoyozi kina kitasa kwenye dari ambacho hubadilisha mambo kidogo sana, na watu wa pwani kama sisi huona baridi. Blanketi za ziada zipo, ni kuomba tu. Katika meli yetu, hata hivyo, kiyoyozi cha ujia mmoja wa chini kilikuwa kikizimika mara kwa mara, uongozi ukijua, na bado kabini zake ziliendelea kuuzwa. Abiria waliofika mapokezi siku ya kwanza wakaandikisha malalamiko walihamishwa. Waliongoja kuona kama hali ingejirekebisha walikuta nafasi zimekwisha.

Chumba cha kulia ni kimoja, na huenda kukawa na zamu mbili za chakula cha jioni, ya kwanza karibu saa kumi na mbili na nusu na ya pili karibu saa mbili na nusu, meza ikiwa ni ile ile kila siku. Wachukue zamu ya kwanza. Huko Bergen, bandari ya Norwei, mwezi Juni jua huzama karibu saa tano za usiku, hivyo magharibi haitagongana na chakula kamwe, na wakienda mbali zaidi kaskazini, ng'ambo ya mstari wa Aktiki, halitazama kabisa. Mzee aongee na shekhe wake kabla ya kuondoka kuhusu nyakati za swala. Kwa kibla asitegemee dira ya simu akiwa kabini, kwa kuwa kuta ni za chuma na mshale hupotea. Atoke sitaha ya wazi, au aangalie chaneli ya televisheni inayoonyesha mwelekeo wa meli, akikumbuka kwamba ndani ya mikono ile ya bahari iliyo kati ya milima meli hugeuka kila mara.

Chakula halali kinahitaji kazi zaidi kuliko wakala atakavyowaambia. Ombi liandikwe kwa kampuni ya meli wiki kadhaa kabla, na jibu liwe la maandishi, kwa sababu nyama hupakiwa bandarini na hakuna anayeweza kuichinja upya katikati ya bahari. Hata hapo, siku ya kwanza wamtafute mkuu wa chumba cha kulia, si mhudumu wa meza, wamuulize mambo matatu ambayo hayaonekani kwenye menyu: supu na michuzi inayopikwa kwa mvinyo, vitamutamu vinavyogandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na bamba la kukaangia asubuhi. Hilo la bamba wengi hawalijui. Mpishi wa kifungua kinywa anakaanga vipande vya nguruwe, anakwangua mafuta pembeni kwa mwiko, kisha anapasua yai la mgeni anayefuata pale pale. Mzee aombe la kuchemsha, au aombe kikaango safi, na aseme sababu. Hakuna mpishi aliyewahi kununa kwa ombi hilo mbele yangu. Samaki ni wengi na wazuri. Wakichoshwa na viazi, wamwambie mhudumu wao kwa upole kwamba wanatamani wali: mabaharia wengi wa meli hizo hutoka Ufilipino, Indonesia na India, jiko la wafanyakazi halikosi wali hata siku moja, na mara nyingi nilipandisha sahani yake pamoja na kibakuli cha pilipili bila kuandikwa popote. Hapo ndipo meli ndogo inapoishinda kubwa. Icon of the Seas ya mwaka 2024 inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, wakati Marco Polo ilibeba kama 800, na katika idadi hiyo ya pili mhudumu hujua jina lako, ugonjwa wako na kiasi cha sukari katika chai yako kabla ya usiku wa tatu.

Chakula cha kujipakulia kipo pia, karibu na bwawa, na foleni yake huwa fupi. Wanawe mikono kwa maji na sabuni kila wanapoingia, hata kama wamepakwa dawa mlangoni, kwa sababu kirusi cha kuhara kinachosumbua meli za watalii hakiuawi vizuri na ile dawa ya spiriti. Maji na chai havilipiwi. Soda hulipiwa, na bakshishi huenda ikaongezwa kwenye akaunti ya kabini kila siku, kwa hiyo kaka yenu aulize kama ameshailipa.

Mengine ni machache. Bwawa ni dogo, mara nyingi la maji ya bahari, na hufungwa kwa wavu bahari ikichafuka. Kuna maktaba, chumba cha karata ambacho asubuhi huwa kitupu na kinafaa kwa mtu anayetafuta utulivu, ukumbi wenye nguzo zinazokinga macho, na daktari ambaye matibabu yake hulipiwa fedha nyingi, hivyo bima ya safari ni lazima. Intaneti ya setilaiti inaweza kuwa ya polepole na ghali. Msishtuke wakikaa kimya. Meli ina mapezi mawili ubavuni, chini ya maji, yanayopunguza kwenda mrama inapotembea, lakini ikisimama nangani hayasaidii, wala hayazuii omo kupanda na kushuka. Bahari ya Kaskazini haina adabu, na aliyevuka pwani yetu wakati wa kusi asidhani ameimaliza kuijua. Dawa za kichefuchefu huleta usingizi, basi mama aulize kwanza kwa daktari wake kama zinapatana na anazokunywa.

Jambo la mwisho la kumuuliza wakala ni hili: katika bandari zipi meli itafunga gatini, na zipi itasimama nangani na abiria kushushwa kwa mashua ndogo? Meli ndogo huingia mahali kubwa zisipoweza. Meli ya kitalii Braemar ilipita mfereji wa Korintho huko Ugiriki mwezi Oktoba 2019, mfereji wenye upana wa takribani mita 24, na kuweka rekodi ya meli ndefu kuliko zote kuwahi kuupita. Hata hivyo, si kila kijiji cha Norwei kina gati, na kushuka kutoka mlango wa ubavuni kwenda kwenye mashua inayopanda na kushuka kunahitaji goti linalokunjika haraka. Kama bandari nyingi ni za mashua, mama atakaa melini siku hizo, na hapo kabini yenye mwanga na iliyo karibu na sitaha ya matembezi inaanza kupata uzito tena.

Mkishapata mchoro, niandikieni namba za kabini zote mbili na majina ya sitaha zake, nami nitawaambia kilicho juu, chini na kando ya kila moja. Wazazi wafikishie shikamoo yangu.