Jibu: The Crown, mapaparazi kumkimbiza Diana ni kweli au chumvi?

Mkuu habari, umeuliza kama zile sehemu za The Crown, tamthilia ya Netflix kuhusu familia ya kifalme ya Uingereza, za mapaparazi (wapiga picha wa magazeti) kumkimbiza Diana ni kweli ama wameongeza chumvi, maana umebishana na shemeji yako mpaka mmenuniana. Hata kwangu ubishi ulikuwa huohuo.

Cha kwanza angalia, maneno unayoyasikia kwenye tamthilia yalisemwa mbele za watu au chumbani? Ya chumbani ni ya mwandishi, hata Netflix wenyewe 2022 waliandika kwenye maelezo ya trela ya msimu wa tano kwamba ni igizo la kubuni. Ila kufukuzwa kwenyewe sio chumvi. Usiku ule wa Agosti 31, 1997 kule Paris wapiga picha walikuwa nyuma na pikipiki, na 2008 baraza la mahakama London lilisema chanzo cha ajali iliyomuua Diana ni uzembe mkubwa wa dereva wa gari lake pamoja na wa vyombo vilivyokuwa vinalifuata, kwa hiyo shemeji akisema ni mapaparazi peke yao nae mkatalie, dereva alikuwa kalewa.

Na Martin Bashir, mwandishi wa BBC, kughushi taarifa za benki ili apate intavyuu ya 1995 na Diana ni kweli tupu, ripoti ya uchunguzi ya jaji mstaafu Dyson ya 2021 ilithibitisha na BBC wakaomba radhi. Hapo ndo nilikasirika zaidi, paparazi si unamwona na kamera yake, huyu kaja kistaarabu na suti!

Ile ya marehemu Diana kuongea na Charles kwenye ndege hata usiulize 😂