Maswali na majibu: kifungo cha ioni

Shikamoo mwalimu. Niliandika kwamba kifungo cha ioni ni sodiamu kuipa klorini elektroni, nikakosa alama. Kwa nini? (Kidato cha pili, Morogoro)

Marahaba. Ulichoeleza ni jinsi ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinavyopatikana. Kifungo chenyewe hukukitaja. Elektroni za sodiamu ni 11, zimepangwa kwa matabaka kutoka ndani kwenda nje: 2, 8, 1. Za klorini ni 17: 2, 8, 7. Ile moja ya nje ikihama, sodiamu inabaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya. Klorini sasa ina elektroni 18 kwa protoni 17, nayo inakuwa kloraidi yenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio kifungo.

Lakini si tunaambiwa sodiamu inafurahi kutoa elektroni?

Msemo huo unawapoteza wanafunzi wengi, natamani tuuache. Kuing'oa elektroni moja kutoka kila atomu katika moli moja ya sodiamu (moli ni kipimo cha idadi maalumu ya atomu) kunagharimu kilojuli 496. Klorini ikizipokea inarudisha 349 tu. Mpaka hapo ni hasara ya 147! Faida inakuja ioni zinapokaribiana na kujipanga: moli moja ya chumvi, yaani kloraidi ya sodiamu (NaCl), ikijengeka kutoka ioni zilizotawanyika hutoa takriban kilojuli 787. Ukiulizwa kwa nini chumvi ni imara, anzia hapo.

Molekuli moja ya chumvi ina umbo gani?

Haipo. Ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloraidi 6, na kila kloraidi imezungukwa na sodiamu 6, hivyo hivyo pande zote hadi ukingoni. NaCl ni uwiano tu: sodiamu moja kwa kloraidi moja. Chukua bonge safi la chumvi ya mawe uligonge kwa patasi: halibonyei, linapasuka na kuacha nyuso bapa. Safu ikisogea kidogo, chanya inakabiliana na chanya, hasi na hasi, zinasukumana na bonge linaachana.

Mbona chumvi kavu haipitishi umeme ila maji ya chumvi yanapitisha?

Umeme unahitaji chaji zinazotembea. Kwenye punje kavu ioni zimebanwa mahali pake. Majini ziko huru. Ukiiyeyusha kwa moto, kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, inapitisha pia bila tone la maji. Sukari ikiyeyuka majini haipitishi, maana inatoa molekuli zisizo na chaji.

Kwa nini oksidi ya magnesiamu huyeyuka kwa shida kuliko chumvi?

Ioni zake zina chaji chanya 2 na hasi 2, si 1 kwa 1 kama za chumvi, tena ioni zake ni ndogo na zimekaribiana zaidi, kwa hiyo mvutano ni mkubwa mno. Inavuka nyuzi 2,800 kabla ya kuyeyuka, ndiyo maana hutengenezewa matofali ya ndani ya matanuri ya chuma.