Kamera Ikae Juu ya Nini Unapopiga Picha Usawa wa Ardhi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia wilayani Muheza, na mwishoni mwa wiki hupanda msitu wa Amani kupiga picha za uyoga, vyura wadogo na maua ya Saintpaulia yanayoota kwenye miamba. Nina kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha ukubwa wa APS-C na skrini inayofunguka, lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, na tripodi ya kawaida ya alumini. Picha zangu zinaonekana zimepigwa na mtu aliyesimama, na chache nilizopiga kwa kuinama zimetoka na ukungu. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue tripodi ambayo nguzo yake ya kati hugeuzwa ili kamera ining'inie chini, na kwenye sanduku imeandikwa kuwa kimo chake cha chini ni sentimita 15. Je, ninunue?

Jibu: Hapana, Mwalimu, usinunue tripodi kwa sababu hiyo. Ushauri wa kugeuza nguzo ya kati umeenea madukani na katika video za mafunzo kiasi kwamba hunifikia karibu kila mara ninapoulizwa kuhusu picha za chini, na unaniudhi kwa sababu wengi wanaoutoa hawajawahi kulala kifudifudi kwenye majani mabichi wakafanya kazi na kamera iliyoning'inizwa kichwa chini. Wameona picha ya tangazo, wakaona kamera iko karibu na udongo, wakadhani tatizo limekwisha.

Tazama kinachotokea hasa. Kamera inakuwa katikati ya miguu mitatu, hivyo ili uione skrini na kuzungusha pete ya lenzi inakubidi upenyeze mikono na kichwa baina ya mguu na mguu, na kila unapougusa mguu mmoja fremu uliyoipanga inahama. Vitufe vyote viko kinyume cha mazoea ya vidole vyako. Mguu wa mbele, usipoingia ndani ya picha, hutia kivuli juu ya ua lenyewe, tena katika msitu ambao mwanga wake tayari ni haba. Juu ya hayo yote, uzito wa kamera na lenzi umening'inia mwishoni mwa bomba refu na jembamba, ambalo hutikisika muda mrefu baada ya wewe kuondoa mkono.

Mtikisiko huo si jambo dogo kwa kazi yako. Katika kihisi cha APS-C chenye megapikseli 24, upana wa pikseli moja ni takriban mikroni 4. Unapopiga kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi, yaani taswira yake kwenye kihisi ikilingana na kitu chenyewe, kamera ikisogea pembeni kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, picha inahama kwa pikseli zipatazo 25, na hakuna programu itakayokurejeshea vinyweleo vya jani vilivyopotea hapo. Chini ya miti ya Amani, ukitumia f/11 (tundu dogo la lenzi) na ISO 200 (wepesi mdogo wa kihisi kupokea mwanga), kasi ya shata hufikia nusu sekunde na wakati mwingine zaidi, nao ni muda wa kutosha kabisa kwa bomba hilo kuyumba. Ukungu unaoulalamikia umetokana na mtikisiko wa namna hiyo, na mtu anayekuuzia nguzo ya kuning'iniza kamera anakuuzia ukungu zaidi.

Sasa nije kwenye zile sentimita 15, kwa maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Kimo cha chini kinachoandikwa kwenye sanduku la miguu inayouzwa bila kichwa hupimwa, mara nyingi, hadi kwenye bamba la kufungia kichwa, bila kichwa chenyewe wala kamera. Weka kichwa cha gololi (kiungo cha mviringo kinachoshika kamera na kuigeuza upande wowote) cha ukubwa wa kati, na umeongeza sentimita 9 au 10. Weka bamba la kuunganishia kamera, umeongeza moja. Kutoka chini ya kamera hadi katikati ya lenzi kuna nyingine kama 4. Zile 15 zimekuwa karibu 30, na ua unalolitaka halijafikisha hata 10 kutoka kwenye mwamba wake. Utakuwa bado unalitazama kutoka juu, kama ulivyokuwa ukilitazama kabla hujatoa pesa zako.

Kwa hiyo kipimo cha kukijali ni kimoja tu: umbali kutoka ardhini hadi katikati ya kioo cha mbele cha lenzi, vifaa vyako vyote vikiwa vimefungwa mahali pake. Nenda dukani na kamera yako, lenzi yako na rula. Muuzaji akikataa usiifunge kamera kwenye tripodi kabla ya kulipa, ondoka.

Kabla ya kununua chochote, ichunguze tripodi uliyo nayo. Kwa kawaida kinachoizuia kushuka ni nguzo ya kati yenyewe: miguu inaweza kutanuka, lakini ncha ya nguzo yenye urefu wa sentimita 25 au 30 inagota chini mapema. Zipo tripodi ambazo nguzo yake imeundwa kwa vipande viwili, na kipande cha chini hufunguliwa kwa mkono. Nyingine huiachia nguzo yote itoke na kichwa kikafungwa moja kwa moja juu ya bamba la miguu. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, na vizuizi vya miguu vinaruhusu itanuke hadi nyuzi 80 hivi, tayari unayo tripodi ya chini na hukuijua. Kisha ilaze gololi ya kichwa kwenye mfereji wake wa pembeni, kamera ikae wima. Katikati ya lenzi itashuka hadi karibu na usawa wa gololi, na utapata picha ya wima kutoka mahali pa chini zaidi kuliko ambavyo ungepata kamera ikiwa imekaa juu. Hakikisha tu kwamba kamera imeelemea upande ulio juu ya mguu mmojawapo, kwa sababu ikielemea baina ya miguu miwili tripodi yote inaweza kupinduka nayo.

Kwa maua mafupi na uyoga, hata hivyo, jibu langu ni mfuko. Shona mfuko wa turubai au kaki nzito wenye zipu, ujaze maharage makavu au mchele hadi theluthi mbili tu, kisha bonyeza kishimo katikati na uilaze kamera humo. Mfuko uliojazwa hadi mdomoni ni mgumu na kamera huteleza juu yake. Ulioachwa nafasi hulikumbatia umbo la kamera na la lenzi, na unaweza kuinua au kushusha fremu kwa kuukanda kwa vidole. Kamera ikilala hivyo, katikati ya lenzi huwa sentimita chache tu kutoka ardhini. Tandika kipande cha nailoni chini yake, kwa maana nafaka iliyolowa itaota ukungu au kuchipua, na ukiusahau kabatini fukusi watakushukuru. Tumia kipima muda cha kamera kinachohesabu sekunde 2 kabla ya shata kufunguka, ili mkono uwe umeshaondoka. Na angalia pale unapolala kabla ya kulala, kwa sababu siafu hawangoji upange fremu.

Wapo wanaoshauri mfuko ujazwe mchanga kwa kuwa ni mzito na haununuliwi. Usiwasikilize. Chembe laini za mchanga hupenya mshono wowote, na zikiingia kwenye pete ya lenzi utazisikia zikikwaruza kila unapoizungusha, mpaka siku utakapomlipa fundi wa lenzi pesa nyingi kuliko ambavyo maharage yangekugharimu.

Kwa tope na mchanga wa pwani, ambako wapigapicha wa ndege hutambaa kwa tumbo, kama pale Mida Creek karibu na Watamu, Kenya, kikaango cha chuma kilichotobolewa katikati na kufungiwa kichwa cha gololi hufanya kazi vizuri sana, kwani kinateleza mbele yako bila kuzama. Nakubaliana na kifaa hicho kabisa. Nisichokubaliana nacho ni namna kinavyotengenezwa katika karakana nyingi. Tundu la chini la kamera hupokea skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, na vichwa vingi vya tripodi hupokea ya inchi 3/8 yenye meno 16. Fundi asiyejua hilo huchukua bolti ya M6 iliyo karibu, anaona inaingia, anasema imekubali. Bolti ya M6 ina kipenyo cha milimita 6 badala ya 6.35, na nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1 badala ya 1.27, inaingia kwa kulegea, inashika kwa ncha za meno, na ukiikaza kwa spana inaanza kuyala meno ya kamera yako. Bolti ikiwa ndefu kupita kina cha tundu, ambacho ni milimita chache tu, inagota ndani na kuharibu sakafu ya kamera. Nimeletewa kamera za bei ya mshahara wa miezi kadhaa zikiwa zimeharibiwa hivyo na bolti ya shilingi mia chache. Nunua skrubu sahihi kutoka duka la vifaa vya picha, mpe fundi mkononi, na umzuie kabisa asiijaribu nyingine yoyote kwenye kamera.

Liko jambo moja zaidi, na hili nawaambia wote wanaopiga picha chini. Tripodi iliyotanuliwa kabisa inachukua duara la takriban mita moja. Kwenye mwamba wenye kuvu na miche michanga, duara hilo ni uharibifu, na nimeona watu wakifyeka majani ili miguu ikae, kisha wakang'oa miche iliyoziba mandharinyuma, wakaita kazi hiyo kusafisha fremu. Saintpaulia ilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, ikapewa jina la kisayansi mwaka uliofuata, na leo vizazi vyake viko kwenye vyungu madirishani duniani kote. Lakini ile ya porini imebaki kwenye vipande vichache vya miamba yenye kivuli, na baadhi ya vipande hivyo havizidi ukubwa wa chumba. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997 ili mimea ya namna hii ibaki. Jani linaloziba lifungwe pembeni kwa uzi na kuachiwa baada ya picha. Na kama hakuna mahali pa kulaza mfuko bila kulalia mche, piga kutoka kwenye njia kwa lenzi ndefu zaidi, au tafuta ua jingine.